Kusahau si Kitu Kimoja

Mtu amekaa mezani. Mbele yake kuna karatasi iliyochorwa nyota yenye mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, na kazi aliyopewa ni kupitisha penseli katikati ya mistari hiyo bila kuigusa. Ugumu ni kwamba karatasi imekingwa asiione moja kwa moja. Anauona mkono wake na ile nyota kwenye kioo tu. Jaribu na wewe siku moja: unadhani unasogeza mkono mbele, kwenye kioo unarudi nyuma, ukifika kwenye kona unatoka nje, na ukijaribu kujisahihisha ndiyo unapotea kabisa.

Huyo aliyekaa mezani alirudia zoezi hilo siku tatu mfululizo, na kila siku makosa yalipungua. Hilo si ajabu, kila mtu akifanya mazoezi huwa hivyo. Ajabu ni kwamba kila alipoletewa karatasi ile hakuwa na habari kwamba amewahi kuiona. Ilibidi aelezwe upya, kama mgeni. Mkono ulikuwa umeshajifunza, lakini mwenye mkono hakujua.

Mtu huyo ni Henry Molaison, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1926. Kwa zaidi ya nusu karne maandiko ya kitaalamu yalimtaja kwa herufi mbili tu, H.M., ili kumsitiri. Jina lake kamili lilitangazwa alipofariki Desemba 2008, akiwa na miaka 82. Kifafa kilimwandama tangu utotoni na dawa za wakati ule hazikufua dafu. Mwaka 1953 daktari wa upasuaji William Scoville, wa mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, alimfungua fuvu na kuondoa kipande cha ndani cha ubongo usawa wa masikio, kulia na kushoto, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi.

Kifafa kilipungua sana. Lakini Molaison hakuweza tena kuweka akilini jambo jipya. Gazeti alilolisoma muda mfupi uliopita angelisoma tena kana kwamba limefika sasa hivi. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyekuwa akisafiri kutoka Montreal kwenda kumpima, alibaki mgeni kwake kila walipokutana, na walikutana kwa miaka mingi. Uwezo wake wa kufikiri haukutetereka, mazungumzo yake yalikuwa na mantiki, na mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka. Ukimpa namba aliweza kuishika kwa kuirudiarudia moyoni, mpaka mtu amkatize. Akikatizwa, namba imepotea, na hata kwamba alipewa namba hakumbuki.

Upasuaji wa namna ile leo haufanywi. Mtu mmoja alilipa gharama, elimu tukaivuna sisi, na nadhani ni haki kulisema hilo kabla ya kusifia matokeo. Scoville na Milner walichapisha taarifa yao mwaka 1957, na ni nadra kupata andiko la sayansi ya ubongo lililorejewa na wataalamu wengi kama hilo. Kabla yake, wengi waliamini kwamba kumbukumbu imetapakaa ubongo mzima, haina makao. Molaison alionyesha kwamba ina idara zake. Hipokampasi ni kama karani wa masjala: ndiye anayepokea faili jipya na kusimamia linakokwenda kuhifadhiwa. Karani akiondoka, mafaili mengi ya zamani bado yapo kabatini, ila jipya halina wa kulipokea. Ustadi wa mikono, ule wa kuendesha baiskeli au kuchora nyota kwenye kioo, una masjala yake nyingine kabisa.

Kwa nini mwananchi ajali habari za Mmarekani wa mwaka 1953? Kwa sababu katika ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu za wazee polepole, sehemu hiyo hiyo ya ubongo ni miongoni mwa zinazoanza kuharibika mapema. Sisi wa kliniki tumezoea kusikia ndugu wa mgonjwa wakisema: "Daktari, huyu hawezi kuwa na tatizo la kumbukumbu. Ya miaka hamsini iliyopita anayasimulia bila kukosea, na kushona bado anashona." Wanasema kweli, na bado tatizo lipo. Ya zamani na ya mikono yapo kwenye mafaili mengine. Swali la maana ni kama anakumbuka alichokula asubuhi, au kama ameuliza jambo moja mara tano ndani ya saa moja bila kujua kwamba ameshajibiwa.

Karani tumemjua, lakini faili lenyewe limeandikwa na nini? Hapo nitapita haraka. Mwanasayansi Eric Kandel alimtumia konokono wa baharini aitwaye Aplysia, ambaye ana seli za neva zipatazo 20,000 tu, wakati ubongo wa binadamu una kama bilioni 86. Ukimgusa konokono huyo anarudisha mashavu yake ya kupumulia ndani. Akitishwa mara kadhaa, hujifunza kuyarudisha kwa nguvu zaidi. Kandel alionyesha kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ni kuimarika kwa viungio vilivyopo kati ya seli, na ya muda mrefu inahitaji protini mpya zitengenezwe na viungio vipya viote. Mwaka 2000 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Arvid Carlsson na Paul Greengard. Kwa hiyo kujifunza hubadilisha ubongo kimwili, kama mazoezi yanavyobadilisha msuli.

Je, mabadiliko hayo yanaweza kuonekana kwa mtu mzima aliye hai? Mtafiti Eleanor Maguire na wenzake wa London waliwapima kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, madereva wa teksi wa jiji hilo. Dereva wa teksi wa London hapewi leseni mpaka afaulu mtihani wa kukariri mitaa ipatayo 25,000, na matayarisho huchukua miaka mitatu au minne. Mwaka 2000 walitangaza kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi ya madereva ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Wakosoaji wakauliza swali la haki kabisa: huenda wenye hipokampasi kubwa ndio wanaofaulu mtihani? Jibu lilikuja mwaka 2011. Safari hii watafiti waliwafuata wanafunzi 79 tangu kabla ya mafunzo. Mwanzoni hawakutofautiana. Mwishoni 39 walifaulu, na ni hao tu ambao sehemu ile iliongezeka, walioshindwa haikuongezeka.

Kuna kipande cha habari hii ambacho husahaulika inaposimuliwa. Sehemu ya mbele ya hipokampasi ya madereva wazoefu ilikuwa ndogo kuliko ya wengine, na baadhi ya vipimo vya kukumbuka michoro mipya viliwashinda. Ubongo ulipanua chumba kimoja ukabana kingine. Ndiyo maana nina mashaka na michezo ya simu inayouzwa kwa ahadi ya "kunoa ubongo" wote. Kwa kawaida unachonoa ni kile unachokifanyia mazoezi.

Sasa tuje kwa watawa. Mwaka 1986 mtafiti David Snowdon alianza kuwafuatilia masista wa shirika la Notre Dame nchini Marekani. Waliokubali kushiriki walifika 678, wote wakiwa na miaka 75 au zaidi, na walikubali kupimwa kumbukumbu kila baada ya muda na ubongo wao kuchunguzwa baada ya kifo. Kwa mtafiti hao ni watu adimu, maana wamekula chakula kilekile na kuishi nyumba zilezile, hawavuti sigara, na matibabu yao ni mamoja. Tofauti nyingi zinazovuruga utafiti zilishaondolewa na maisha yenyewe.

Masista hao, walipokuwa wasichana wa wastani wa miaka 22, wengi wao waliandika kurasa chache kuhusu maisha yao kabla ya kuweka nadhiri. Kurasa hizo zilikuwa bado zimehifadhiwa. Watafiti wakahesabu ni mawazo mangapi yamebebwa na kila sentensi. Mmoja anaandika kwamba alizaliwa mahali fulani, basi. Mwingine anakuunganishia kuzaliwa, hali ya nyumbani na tabia ya baba katika sentensi moja. Waliokuwa na sentensi kavu walionekana zaidi kupata shida ya kumbukumbu miaka kama sitini baadaye. Tusikimbilie kusema kwamba kuandika vizuri kunakinga ugonjwa. Pengine ubongo wenye akiba kubwa tangu ujanani ndio uliozaa sentensi nzito, na ndio uliostahimili uzee.

Lakini kilichobadilisha kazi yetu zaidi ni kile kilichoonekana kwenye bongo zenyewe. Sista mmoja aliyefariki akiwa na miaka 101 alikuwa amefanya vizuri kwenye vipimo karibu na mwisho wa maisha yake. Ubongo wake ulipofunguliwa ulikutwa na dalili tele za Alzheimer. Ugonjwa ulikuwemo, usahaulifu haukuwemo. Na taarifa ya mwaka 1997 ikaongeza jambo: miongoni mwa masista wenye dalili hizo za Alzheimer kwenye ubongo, waliokuwa pia na viharusi vidogo sehemu za ndani walikuwa wamepoteza kumbukumbu kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wasio na viharusi hivyo. Vingine ni vidogo mno, mtu hupata bila kujua. Ni kama mzigo ambao ubongo ungeubeba, ila kuna mtu amekuja kuongeza jiwe juu yake.

Jiwe hilo mara nyingi huletwa na presha. Na hapa ushahidi umeongezeka karibuni tu. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2019, wa watu zaidi ya 9,000, ulionyesha kwamba kushusha presha, ile namba ya juu, hadi chini ya 120 badala ya kuridhika na 140 kulipunguza dalili za awali za kupungua kwa kumbukumbu, ingawa kwa dimensia kamili, yaani akili kupungua hadi mtu ashindwe kujitegemea, tofauti haikutosha kuthibitisha. Kisha mwaka 2025 Wachina wakatoa matokeo kutoka vijiji 326 vyenye washiriki karibu 34,000. Katika nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wa kijijini, wasio mabingwa, walisimamia dawa za presha kwa miaka minne. Dimensia ilipungua kwa asilimia 15 ikilinganishwa na vijiji vingine. Nimesoma tafiti nyingi za dawa ghali za Alzheimer; hii ya vidonge vya kawaida na mhudumu wa kijiji ndiyo iliyonisisimua.

Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet, katika ripoti ya mwaka 2024, lilitaja visababishi 14 vinavyoweza kurekebishwa na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Presha imo, kisukari kimo, sigara, pombe kupita kiasi, majeraha ya kichwa, upweke na kukosa elimu utotoni. Sitavitaja vyote, kwa sababu kimoja kinastahili nafasi zaidi kuliko kinavyopewa, nacho ni kutosikia vizuri.

Kabla ya hapo, tahadhari moja. Kusahau kulikoanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, hakusubiri kliniki ya wiki ijayo. Kunaweza kuwa kiharusi, maambukizi, dawa aliyoanzishwa juzi, au damu inayovujia ndani ya fuvu wiki kadhaa baada ya kuanguka. Hata kule kunakokuja polepole huenda kukatokana na tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, upungufu wa vitamini B12 au sonona, na yote hayo yana tiba.

Sasa masikio. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa Marekani uliwahusisha wazee 977 wenye upungufu wa usikivu, baadhi wakapewa vifaa vya kusaidia kusikia. Kwa wote kwa jumla tofauti haikuonekana baada ya miaka mitatu. Kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kupungukiwa akili, kupungua kwa uwezo wa akili kulienda polepole kwa karibu nusu. Kwa hiyo mzee akiuliza jambo lilelile mara ya pili, kabla hujasema amesahau, kaa mbele yake, zima redio, useme taratibu akikutazama mdomoni, kisha muulize umesema nini. Akijibu sawasawa na baada ya nusu saa bado analo, huyo aanzie kwa daktari wa masikio.