Si virusi, fungua kifuniko kwanza

Wiki hii pekee nimeletewa kompyuta nne za mezani, na wenyewe wote wanne wameanza na maneno yale yale: "Fundi, imeingia virusi, nipigie Windows upya." Moja ilikuwa haiwaki kabisa. Feni haizunguki, hakuna hata taa moja, na mwenyewe ameshika hapo hapo kwamba ni virusi.

Virusi ni programu, na programu haina nguvu yoyote mpaka mashine ipate umeme, ubao mama (ule mkubwa unaobeba vifaa vyote) ujikague, BIOS (programu ndogo iliyo kwenye ubao huo, inayoamsha kompyuta) iisome diski, ndipo Windows ianze kupanda. Kompyuta iliyokwama kabla ya hapo, yenye skrini nyeusi au inayolia tii-tii-tii, haijafika mahali ambapo kirusi kingeweza kufanya lolote. Ni kweli vimewahi kuwepo vya kuharibu BIOS. CIH, kilichozuka mwaka 1998, kilifanya hivyo kwenye baadhi ya mashine za Windows 95 na 98. Lakini zinazofika mezani kwangu zimeumizwa na vumbi, joto, chumvi na stima.

Mombasa ni kisiwa. Hewa tunayovuta ina unyevu na chumvi, na hewa hiyo hiyo ndiyo inayovutwa na feni ndani ya sanduku mchana kutwa. Meno ya RAM (kile kibao chembamba cha kumbukumbu kinachochomekwa kwenye ubao), yale ya rangi ya dhahabu, hushika ukoko, mgusano unakatika, skrini inabaki nyeusi. Dawa yake ni kifutio cha penseli. Chomoa waya wa stima, toa RAM, sugua meno yake taratibu pande zote mbili, pangusa mabaki, irudishe mpaka vishikizo vifunge. Mimi huanza hapo kabla ya kitu kingine chochote, na mashine nyingi sijawahi kuhitaji kwenda mbali zaidi.

Inayozima yenyewe baada ya dakika kumi? Gusa sanduku. Vumbi limeziba njia za hewa, na ile dawa ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka ikawa kama chokaa. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi, na joto likizidi hapo hujizimisha zisiungue. Kwa joto letu la Machi, haichukui muda kufika huko, na hakuna Windows mpya itakayoipoza.

Kuna na hii: tarehe imerudi nyuma miaka, kivinjari kinakataa tovuti kikisema si salama, na mtu anakuja mbio akiamini amedukuliwa. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe za kuanza na kuisha, kwa hiyo saa ya kompyuta ikikosea, vyote vinaonekana batili. Badilisha betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao, ile ya volti 3, rekebisha saa, yameisha.

Ninalikasirikia jambo hili kwa sababu lina gharama. Mama mmoja alivuka feri kutoka Likoni na kompyuta yake ya kazi, anachapia watu barua na kadi za harusi. Ilikuwa inaganda. Fundi wa kwanza alipiga Windows. Ikaganda tena, akapiga mara ya pili. Nilipoipima, diski ilikuwa na sekta mbovu, yaani sehemu zisizosomeka, zinazoongezeka. Diski inayokufa ukiifomati (kuifuta yote) na kuandika juu yake unaimalizia, na kilichoandikwa juu hakirudi. Tulivuna barua kadhaa. Picha za harusi ya binti yake hazikupatikana, na yule mama alikaa kwenye kiti changu muda mrefu bila kusema neno.

Kulikuwa na njia rahisi ya kujua. Washa mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, bila kugusa diski. Ikiganda au kuzima hata hapo, Windows haina kosa, wala virusi vya Windows. Tafuta kwenye vifaa. Ikitulia, nakili kwanza faili za mwenyewe kwenye diski nyingine, halafu ndiyo uzungumzie kufomati. Fundi asiyekuuliza habari za faili zako kabla ya kufomati, beba kompyuta yako uondoke.

Mengine ni mafupi. Feni kuzunguka hakuthibitishi kwamba pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa stima ndani ya kompyuta) ni nzima: feni hula umeme kidogo sana, na laini ya volti 12 ikishuka chini ya 11.4 kompyuta itasumbua huku feni ikizunguka vizuri tu. Ipime kwa mita, mashine ikiwa inafanya kazi.

Kubofya "refresh" mara ishirini hakuongezi kasi. Kunachora upya aikoni, basi.

Stabilaiza, inayosawazisha stima, si UPS, yenye betri ndani. Stima ikipotea, stabilaiza inapotea nayo. UPS ndiyo inayokupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Kitambaa cha kufumwa kinapendeza, lakini kifunike kompyuta ikiwa imezimwa na imepoa.

Na mashine ya mtumba haichomekwi kabla ya kutazamwa nyuma. Pawa saplai nyingi za zamani zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Stima yetu ni 240. Ukiikuta kwenye 115 ukawasha, utasikia mlipuko.

Ukija kwangu, usiniletee jina la ugonjwa. Niambie inazima baada ya dakika ngapi, inalia mara ngapi, saa yake inaonyesha mwaka gani, na humo ndani kuna nini ambacho huwezi kukipoteza.