Yoga kwa wazee wenye msiba usioisha: pitia kliniki kwanza

Tangu tuanze kampeni ya afya ya akili ya wazee simu ni nyingi, na wengi wanaopiga ni watoto wao, mtu anasema mamangu hajawa sawa tangu tumzike baba, nimeskia kuna yoga, nimlete lini. Tunashukuru mnapiga. Shida ni wale washalipia mama kwa mtu wa Facebook anayeahidi kuondoa huzuni kwa wiki mbili.

Si kila anayelia ni mgonjwa. Kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, lazima ipite angalau miezi 6 tangu kifo ndipo huzuni iitwe ugonjwa wa msiba usioisha (prolonged grief disorder), na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka huohuo unataka miezi 12 kwa mtu mzima. Muda pekee pia hautoshi. Tunaangalia kama bado anamtamani marehemu karibu kila siku kwa uchungu mkali, maisha yamekwama, chama haendi, ibada haendi, na hayo yote yamepita kiasi cha desturi za kwao. Mjane aliye ndani ya eda ya miezi 4 na siku 10 si mgonjwa jameni, yuko eda.

Yoga tunayofanya na wazee ni ya kiti. Unakaa, unainua mikono, unazungusha mabega, unapumua polepole na pumzi ya kutoka inakuwa ndefu kuliko ya kuingia, hiyo ndio inatuliza mapigo ya moyo. Mfiwa wa muda mrefu mara nyingi halali, mabega yamekaza, jioni nyumba ni kimya, kwa hivyo hata kutoka tu akutane na wenzake kunamsaidia. Lakini utafiti wa yoga kwa huzuni ya aina hii bado ni mdogo. Kilicho na ushahidi zaidi ni ushauri nasaha wa msiba wenyewe, kama ule wa vikao 16 wa Katherine Shear wa Columbia kule New York, ambapo mtu anasaidiwa kusimulia kifo na kurudia mambo aliyokuwa anayakwepa. Yoga inaandamana na huo, haichukui nafasi yake. Wala haichukui nafasi ya tembe za presha, hili tumelisema hadi tumechoka.

Sasa utaratibu. Leta kitambulisho cha mzee, sio chako, kitabu cha kliniki, dawa zote zikiwa kwa mfuko (sio majina umeandika kwa simu), na namba za watu wawili wa karibu. Fomu anaweka sahihi mzee mwenyewe, kama hawezi kuandika anaweka kidole mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wetu. Presha tunapima kila siku kabla ya klasi, ikiwa juu anapumzika anapimwa tena, ikikataa kushuka anaona daktari na klasi ya siku hiyo imeisha, kugombana na nesi hakutasaidia. Mwenye presha ya macho ama mifupa dhaifu aseme mapema, maana kuna kuinama tunamwondolea. Akichelewa dakika 10 anangoja wiki ijayo. Akikosa mara tatu bila kutuambia nafasi inapewa mwingine na fomu inaanza upya.

Mwalimu wa yoga si mshauri nasaha. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2014 washauri na wanasaikolojia husajiliwa na bodi yao, na kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa. Ulizeni leseni kabla ya kutuma pesa, sio baada.

Kuhusu dini, ndio, yoga ilitoka India, hatufichi. Kwetu hakuna nyimbo wala sala. Mzee akikataa usimlazimishe, atembee tu na wenzake.

Na mzee akisema anataka kumfuata marehemu, hiyo si ya kungoja klasi, mpeleke hospitali upande wa dharura siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Bado kuna familia zinaficha zikiogopa polisi, ilhali Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba. Kwa hilo njooni tu, kitambulisho mtaleta baadaye.