"Shamba ni langu kabisa, hakuna wa kuniuliza": hapo ndio watu hujichanganya

Jumapili tulikuwa kwa mjomba huko Njoro, akatoa hati ya shamba kwa ile karatasi ya nailoni akatusomea kwa sauti, ati yeye ndiye mmiliki kamili, kisha akaikunja. Nikamwambia mjomba endelea basi, sentensi haijaisha, mbele imeandikwa umiliki huo uko chini ya yaliyo kwa rejista pamoja na haki zingine ambazo hata hazijaandikwa hapo. Akanuna.

"Kamili" maana yake ni hakuna bwana juu yako ambaye unamshikia hilo shamba. Zamani alikuwepo, sheria za mkoloni za 1902 na 1915 zilifanya ardhi ya Kenya kuwa ya Mfalme wa Uingereza, na 1921 korti ikasema Waafrika ni wapangaji tu, wa kutolewa Mfalme akitaka, na masetla nao wanapewa lisi (mkataba wa kukodi) ya miaka 999! Kwa hivyo ukisikia mtu anasema serikali ndio landilodi wetu sote, huyo bado anaishi enzi hizo, kifungu cha 61 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema ardhi ni ya wananchi.

Ingine ni ile ya kusema friholdi ya Uingereza (kumiliki ardhi bila kikomo cha miaka) ndio umiliki wenyewe. Wapi! Huko kisheria bado inashikwa chini ya Mfalme, ni mabaki ya 1066 William wa Normandia alipoteka nchi akawagawia wakubwa wake ardhi ili wampelekee askari vitani, siku hizi imebaki jina tu. Scotland waliufuta huo mfumo Novemba 2004.

Madini je? Si yako, ni ya umma hata yakiwa chini ya kitanda chako, waulize watu wa Kakamega na dhahabu yao. Barabara ikipita kwako serikali inaweza kuchukua, ila ikulipe fidia ya haki, tena haraka. Na shamba la kilimo huuzi bila idhini ya bodi ya ardhi, halafu kama ni mali ya ndoa mke lazima akubali (hapa anti alicheka mpaka akaweka sufuria chini).

Kilichomtoa mjomba jasho ni miaka 12. Jirani akilima kipande chako waziwazi bila ruhusa muda huo wote na wewe umenyamaza, anaweza kwenda kortini kukidai kiwe chake. Mjomba akatazama majani ya nepia ya jirani yaliyovuka bikoni ya mpaka, akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika 11.