Kuamsha kinga dhidi ya saratani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Dawa ya saratani lazima iue uvimbe yenyewe." Si lazima. Katika damu ya mtu mzima, takriban seli T (askari wa kinga ya mwili) 1 hadi 5 kwa kila 100 ni za kundi la gamma-delta liitwalo Vγ9Vδ2. Zina uwezo wa kuua seli za saratani za aina nyingi, ila zinahitaji kushtuliwa. Kinachozishtua kwa nguvu sana ni HMBPP, molekuli ndogo ambayo mwili wetu hautengenezi. Hutengenezwa na bakteria wengi, wakiwemo wa kifua kikuu, na vimelea vya malaria.

"Basi malaria inakinga saratani!" Hapana kabisa. Mwaka 1958, akiwa Uganda, Denis Burkitt alieleza saratani ya taya kwa watoto, ambayo leo inahusishwa na kuugua malaria mara kwa mara pamoja na virusi vya Epstein-Barr. Malaria itibiwe, tena mapema.

"Molekuli inajulikana, si itiwe tu kwenye sindano?" Hapa ndipo penye kazi. HMBPP ina fosfeti mbili (vikundi vya fosforasi na oksijeni) zenye chaji hasi, na utando wa seli ni wa mafuta, kwa hiyo haiupenyi kirahisi. Kwenye damu nako vimeng'enya huzinyofoa fosfeti hizo mapema. Nayo inatakiwa ndani ya seli, ikashike sehemu ya ndani ya BTN3A1, protini iliyo kwenye utando wa seli. Hapo ndipo seli T iliyo jirani inapopata ishara. Wanakemia wakaamua kutengeneza dawa tangulizi, yaani dawa inayogeuka kuwa dawa kamili ikiwa ndani ya mwili: molekuli yenye fosfeti moja, iliyofunikwa kwa kundi la fenoli na esta ya asidi amino. Kifuniko huficha chaji, kisha vimeng'enya vya ndani ya seli hukivua hatua kwa hatua. Mbinu hii ilibuniwa na Chris McGuigan wa Cardiff, na ndiyo iliyotumika katika sofosbuvir, dawa ya homa ya ini C iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013.

"Dawa tangulizi ni dawa nusu." Wanaoishi na VVU wanaomeza TLD (kidonge chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir) kila siku wanatumia dawa tangulizi ya tenofovir. Tenofovir tupu haifyonzwi vizuri tumboni.

"Dawa thabiti ni ile isiyovunjika." Dhana hii ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu dawa tangulizi isiyovunjika haina kazi. Swali ni ivunjike wapi. Dawa tangulizi za kwanza za HMBP (ndugu wa HMBPP mwenye fosfeti moja), zilizochapishwa mwaka 2018, ziliamsha seli T vizuri sana, lakini zilikatika zenyewe pale fosforasi inapoungana na oksijeni, mapema mno. Watafiti wakaiondoa oksijeni hiyo na kuweka kaboni mahali pake, wakapata fosfoneti. Kiungo cha fosforasi na kaboni hakikatwi kirahisi na maji wala vimeng'enya, ilhali kifuniko kinaendelea kuvuliwa kama kawaida. Imara kwenye mgongo, dhaifu kwenye kifuniko: usanifu huu unastahili pongezi. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya molekuli hizi iliyoidhinishwa kutibu saratani, kwa hiyo anayeuza chupa ya "kuamsha kinga" mtaani anauza kitu kingine.