Nafuu si kupona

Wiki hii nimelisikia tena: "Yule dada mwenye lupus si alishapona? Juzi nilimwona anatembea vizuri tu." Aliyesema hakuwa na nia mbaya. Lakini hilo neno "alishapona" huwaumiza wagonjwa, nami siwezi kuliacha lipite.

Kwa kifupi, lupus ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inaugeukia mwili wenyewe: ngozi, maungio, figo, moyo, hata damu. Hauambukizi. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 15 na 44, umri wa kusoma, kuajiriwa, kuzaa na kulea. Dawa za kuutuliza zipo, ya kuumaliza bado. Unaweza kutulia miezi au miaka, kisha ukaamka.

Kwenye huko kutulia ndiko tunakokosea maneno. Kupona, kwa Kiswahili, ni kunusurika. Mtu amepona ajali, ameponea chupuchupu, amepona malaria: hatari imeshampita. Nafuu ni neno lingine kabisa. Lilitoka kwenye Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa manufaa, na sokoni hatulikosei hata siku moja. Bei nafuu ni bei iliyopungua. Hakuna anayebeba mzigo akaondoka bila kulipa.

Mwenye lupus aliyepata nafuu bado analipa. Anameza dawa kila siku. Anapimwa mkojo, maana figo huweza kuharibika bila kuuma. Analikwepa jua, kwa kuwa linaweza kuuamsha ugonjwa, hivyo shughuli ya mchana uwanjani anaifikiria mara mbili, na wenzake wanaona anajitenga. Asubuhi vidole vinaweza kuwa vimekakamaa, kufunga vifungo vya shati la mtoto kukawa kazi. Halafu kuna uchovu, ambao usingizi wa usiku kucha hauuondoi. Akipika, pengine hatafua. Akienda kazini, jioni hana hata nguvu ya kuzungumza. Yote haya usoni hayaonekani.

Sasa mtu huyo ukimwita aliyepona, unamrudishia majukumu yote kwa siku moja: zamu zake, vikao vya ukoo, wageni, watoto. Ugonjwa ukiamka, yeye ndiye anayeonekana mvivu, au anayejisingizia. Wapo wanaojificha wakati wa nafuu, wasionekane wakicheka, kwa kuogopa kwamba kicheko cha leo kitatumika kama ushahidi kesho. Na wapo wanaoliamini neno hilo wenyewe, wakaacha dawa. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Wagonjwa wenyewe husema "umetulia" na "umeamka", na wanaongea juu ya ugonjwa, si juu yao. Naona wametuzidi kwa usahihi.

Kwa hiyo ukimkuta mchangamfu, furahi naye, umwambie "naona leo una nafuu." Kisha muulize leo anaweza kufanya nini, na kesho muulize tena.