Msimsingizie Mzee Akhwari

Jumamosi alfajiri, barabara ya Capri Point, binti wa miaka 15 kaanza kuchechemea raundi ya nne. Mimi kocha wake nikampungia mkono atoke. Baba yake, kakaa juu ya pikipiki pembeni, akapaza sauti: "Komaa mwanangu! Akhwari hakuacha!"

Mwezi hauishi bila mtu kunitolea Akhwari kama vile ni dawa ya magoti. Naandika leo ili nisigombane na wazazi wa Mwanza mmoja mmoja.

Turudi Mexico City, marathoni ya Olimpiki ya 1968. Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akamaliza kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Wa 57, wa mwisho. Wasimuliaji wetu huishia hapo. Lakini walioanza walikuwa 75. Hao 18 wengine je? Mmoja wao ni Abebe Bikila, bingwa wa Olimpiki 1960 na 1964. Mguu ulikuwa mbovu, akatoka kabla hata ya nusu ya safari. Haya, anyanyuke mtu aniambie Bikila alikuwa legelege.

Kuna maumivu ya kuchoka na kuna maumivu ya kuumia. Ya kuchoka yanasambaa: mapaja yanawaka, kifua kinabana, kichwa kinakutungia sababu za kusimama. Ukipunguza mwendo, yanapoa. Hayo ndiyo ya kukomaa nayo, na tukipanda mlima wa Bugando sina huruma na mtoto wa mtu. Ya kuumia yana anwani. Ukimuuliza mtoto, anakuonyesha kwa kidole kimoja: hapa, kocha, kwenye ugoko. Ukimtazama anavyokimbia, mguu umeanza kukanyaga kivingine ili ukwepe pale panapouma. Ukimwambia akomae hapo, unautafutia mfupa ufa.

Akhwari alikuwa mtu mzima, kwenye Olimpiki, akaamua mwenyewe. Na goti lilimstahi: 1970 kule Edinburgh alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola. Si kila goti lina adabu hiyo.

Sasa niseme na langu. Mpaka wenyewe haujachorwa kwa chokaa. Nimewahi kumtoa kijana ambaye siku ile alikuwa na uvivu tu. Nimewahi pia kumwacha mwingine aendelee, nikiamini ni uchovu, na msimu wake ukaishia pale. Nilikuwa nimemtazama vizuri kabisa, au nilidhani hivyo. Huyo bado ananinyima usingizi.

Mkitaka mfano wa roho ngumu, mchukueni mkimbiaji wetu wa marathoni, Alphonce Simbu. Mashindano ya dunia: shaba London 2017, dhahabu Tokyo 2025. Kule Tokyo saa yake na ya Amanal Petros wa Ujerumani, aliyekuwa wa pili, ilisoma 2:09:48 wote wawili; wametenganishwa na sekunde 0.03 tu. Katikati ya shaba na dhahabu kuna miaka 8 ya tizi ambayo hakuna aliyekuwa anaipigia makofi. Miguu iliyovunjwa ikiwa na miaka 15 haifiki huko.

Binti tumempumzisha wiki mbili. Baba yake amenuna. Nimemwalika Jumamosi ijayo apande Bugando pamoja nasi, pikipiki aiache nyumbani. Mpaka sasa hajanijibu.