Faili Halijaharibika, Usikimbilie Kupiga Window

Wateja wangu wengi hapa Nyegezi, Mwanza, ni wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT. Wakileta laptop ambayo mafaili yamegoma kufunguka baada ya apdeti, mara nyingi kuna mtu hosteli ameshawaambia dawa ni kupiga window upya, yaani kufuta Windows na kuisakinisha tena. Siyo dawa. Kwa tatizo hili ni kutupa hela, na ukiangukia fundi asiyeuliza kabla ya kufuta, unatupa na ripoti yako ya field.

Windows haichungulii ndani ya faili ili kujua lifunguliwe na nini. Inasoma herufi zinazofuata nukta ya mwisho ya jina, mfano .pdf au .docx, kisha inaangalia kwenye rejista yake (daftari lake la ndani la mipangilio) ni programu ipi imeandikishwa kwa herufi hizo. Apdeti ikibadilisha programu, rejista inaweza kubaki na anwani ya zamani, kama muuza maziwa anayeendelea kugonga mlango wa Kirumba wakati mteja wake alishahamia Buhongwa. Chukua GIMP, programu ya kuhariri picha wanayoitumia baadhi ya watengeneza mabango. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025 na linaweza kukaa pamoja na 2.10 kwenye mashine moja. Ukiiondoa 2.10 wakati .xcf, yaani mafaili ya GIMP, bado imeelekezwa huko, aikoni zinageuka nyeupe na unaulizwa ufungue kwa programu gani. Kazi yako iko salama kabisa.

Kwa hiyo tazama aikoni kwanza. Ikiwa nyeupe, programu iliyoandikishwa haionekani. Ikiwa na sura ya programu nyingine, mfano PDF zote zimehamia Edge (kivinjari cha Windows), basi chaguo lako limebadilishwa tu.

Hilo la pili linamalizwa haraka: bofya kulia kwenye faili, "Open with", "Choose another app", chagua programu yako, kisha "Always". Kwenye Windows 10 unaweka tiki kwenye kiboksi cha "Always" kabla ya kubonyeza OK. Watu wanasahau tiki hiyo, halafu wanarudi kesho yake.

Kwa aikoni nyeupe, rekebisha programu yenyewe kwanza, maana ikisakinishwa upya inajiandikisha upya. Office ina "Quick Repair": Settings, Apps, tafuta Office, "Modify". Haihitaji intaneti. Ile ya "Online Repair" inapakua upya karibu kila kitu, usiiguse kama bando lako ni la kuunga unga.

Sasa kuna video za zamani zinazofundisha kufungua dirisha jeusi (Command Prompt) na kuandika amri za assoc na ftype, au kupakua faili la .reg, linaloandika kwenye rejista, na kulibofya. Zilifaa enzi za Windows 7. Chaguo la mtumiaji linawekwa mahali pake kwenye rejista, panaitwa UserChoice, na kuanzia Windows 8 pembeni yake kuna alama inayokokotolewa kutokana na akaunti yako, aina ya faili na programu uliyochagua. Ukibandika chaguo la mashine ya mwenzako, alama haiendani na akaunti yako, Windows inalitupa na kurudisha inachotaka yenyewe. Nia ilikuwa kuzuia programu zinazojipachika bila ruhusa, na naiona nzuri, ingawa mafundi tumepoteza njia ya mkato.

Na tafadhali, usibadilishe .pdf kuwa .docx kwa kuandika jina upya. Umebadilisha jina tu, ndani ni PDF ile ile. Vilevile, ukifungua faili kwa Notepad kwa bahati mbaya ukaona herufi za ajabu, funga bila kusevu. Ukisevu hapo ndipo linaweza kuharibika kweli.

Faili likifunguka vizuri lakini aikoni ikabaki nyeupe, ni kashe ya aikoni, yaani nakala za picha za aikoni ambazo Windows imezihifadhi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ie4uinit.exe -show, piga Enter. Ikigoma, zima mashine uiwashe.